Maji ya Ijumaa kwenye Gari la Bi Zuwena

Vijana wangu, nyinyi mkija kuniamkia hapa Ibra, sijamaliza hata kuitikia marahaba, simu ishatoka mfukoni. "Ami Sleyum, hebu tazama gari hii!" Natazama. Gari la Kimarekani la zamani, lile la kufunua paa ambalo hapa tunaliita kashfu, limepakwa rangi nyekundu mpaka mtu anajiona meno ndani yake. Injini inanguruma, matairi yanatoa moshi, na nyinyi mnanitazama usoni mkingoja nisifu. Nanyamaza, kwa sababu bibi yenu amenikataza kugombana na wageni kabla hawajanywa kahawa. Leo kahawa mmeshakunywa, kwa hiyo sinyamazi.

Kuna video moja mlinionyesha ambayo bado inanikaa kooni. Ndani ya gari jekundu ameketi mwanamke mtu mzima, shela lake jeusi, analia, na vijana wa gereji wamemzunguka wanapiga makofi. Mkaniambia, "Ami, wamemtengenezea gari ya marehemu mumewe, tazama anavyolia kwa furaha." Mkawatumia mioyo wale wa gereji, mkawapelekea na wenzenu. Sasa nisikilizeni. Mwanamke yule ni Bi Zuwena wa Sinaw, namjua. Gari lile nalijua zaidi, maana nimelala chini yake mpaka mgongo ukashika umbo la saruji. Lile lilikuwa mtego umepakwa rangi, na nyinyi mliushangilia.

Mimi kazi yangu ilikuwa bodi. Injini naijua, lakini riziki yangu ilikuwa kukata, kuchomelea na kunyoosha bati. Nilijifunzia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa Mzee Rajabu, Mmanyema mfupi mwenye mikono kama ya mpiga makasia, kisha nikaja huku kijana, nikafanya kazi Sur, halafu Nizwa kule Sanaya kwenye magereji, mpaka magoti yakakataa. Nawaeleza haya ili mjue kwamba hasira yangu si ya mzee asiyependa mambo mapya. Welding ya zamani ilikuwa ya gesi, ilikunja bati kwa joto, tukashinda siku nzima tunalirudisha kwa nyundo. Mashine za sasa zinashona bati safi bila kulichoma. Nazipenda. Ningezipata nikiwa kijana ningekuwa bado nina macho mawili mazima.

Ninachokasirikia ni hilo neno lenu, kuboresha. Kila mtu anaboresha. Kuboresha kwenu ni injini kubwa, sauti kubwa, magurudumu makubwa. Sur nilikuwa na mteja, mtu mzuri, ana maduka ya vifaa vya uvuvi, alikuwa na kashfu nyeupe. Akaja akasema, "Sleyum, nitilie AC." Nikamwuliza ataendesha paa limefungwa? Akasema hapana, limefunuliwa, ndiyo raha yake. Nikambishia asubuhi nzima, mwisho nikamtilia. Akawa anapita barabara ya Bidiya paa wazi, AC mpaka mwisho, anawapoza ngamia. Yule alinichekesha, maana hakumdhuru mtu. Akipata baridi kifuani na jua kichwani, hayo yake mwenyewe.

Lakini gari lisilo na paa lina siri moja, na Mzee Rajabu alitufundisha kwa boksi la viatu. Alilishika boksi lenye kifuniko chake, akatuambia tulipinde. Halikupindika. Akatoa kifuniko, akatuambia tena. Likajisokota kama kitambaa. "Hilo paa mnaloliona pambo," akasema, "ndilo linaloshika gari. Likiondoka, nguvu yote inabaki sakafuni na kwenye ile mihimili miwili chini ya milango. Ukiigusa bila akili, umeua gari." Mwenzangu mmoja, Hamisi, alisikia kwa sikio moja. Siku moja alipewa kashfu ya mfanyabiashara wa kahawa, akakata mihimili yote miwili kwa mpigo, hajaweka fito za kushikilia. Gari likakaa katikati kama ngamia anapiga magoti. Mzee Rajabu hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa mbele ya lile gari analitazama, anakunywa chai, na kila mteja aliyeingia alimwambia, "Karibu, njoo uone kazi ya Hamisi." Hamisi baadaye alikwenda kuuza mitumba, na alifanikiwa sana, Alhamdulillahi.

Na kitu kingine cha Mzee Rajabu: hakuzungumza na mwenye gari kabla hajalala chini yake. Salamu ndiyo, kahawa ndiyo, lakini habari ya gari, hapana. Alikuwa akisema ukianza kusikiliza maneno ya mwenyewe utaona anachokuonyesha yeye. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na hata mawaziri wamenisubiri nikiwa chini, wanaona viatu vyangu tu.

Basi, Mundhir. Mundhir ni mtoto wa Bi Zuwena, wa mwisho, kazaliwa hapahapa Oman, anafanya kazi ya ofisini Nizwa. Mpole, ana adabu, Kiswahili chake anakikamatakamata. Mwaka wangu wa mwisho kazini alileta lile gari jekundu juu ya lori.

"Shikamoo, Ami Sleyum. Mushkila ndogo tu. Milango yake haifungi zen. Ukikaza bawaba, khalas, tunakwenda."

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Sur, Idi ikifika, inshallah. Mama anataka. Zamani baba alikuwa anampeleka na hii gari, paa wazi. Anasema kabla hajafa anataka kwenda tena, mara moja. Ya'ni, hiyo ndiyo kitu anataka, hana kingine."

Baba yake, marehemu Harub, alilinunua gari lile kwa Mmarekani mmoja wa mafuta aliyekuwa anarejea kwao. Namkumbuka Harub. Alipita Ibra na mkewe pembeni, paa wazi, Bi Zuwena amelishika shela kwa meno upepo usilichukue, na wazee msikitini wakaguna mpaka gari likapotea. Hakujali. Walikwenda Sur, wakala samaki, wakarudi. Alipofariki, gari likabaki uani kwao Sinaw chini ya kipaa cha makuti. Sasa Mundhir, kwa nia njema, alikuwa amelipeleka kwenye gereji moja kubwa ya kuta za vioo huko mjini, sitaitaja, wakalikalia muda mrefu, wakampa jekundu linalonguruma. Wakamwalika na mama yake, wakampiga ile picha mliyoipenda.

Nikamwambia Mundhir anywe kahawa, nikalala chini.

Nikiwa chini sikuona kitu, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi. Chini kote kumepakwa lami nyeusi, nzito, mpya. Gari la miaka mingapi hilo halina hata mkwaruzo? Nikatoka, nikachukua sumaku yangu. Hili lishikeni, ni elimu ya bure: sumaku ndogo, ile ya kubandika friji, ifungeni kitambaa isichubue rangi, ipitisheni kwenye bodi. Kwenye bati itang'ang'ania. Kwenye puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, itaanguka. Niliipitisha chini ya mlango wa dereva, ikaanguka. Nikaipitisha nyuma ya gurudumu, ikaanguka. Ubavu mzima sumaku ilikuwa haina pa kushika, kama naipitisha kwenye ukuta wa nyumba.

Nikapiga jeki upande mmoja mpaka gurudumu likanyanyuka, nikafungua mlango. Gari lenye afya halijali kunyanyuliwa, mlango utafunga kama kawaida. Mlango ule ulifunguka haukurudi. Nikausukuma kwa nyonga, haukurudi. Mundhir akasema bado anadhani ni bawaba.

Nikang'oa zulia. Zulia zuri jipya. Chini yake sponji. Chini ya sponji, lami. Chini ya lami, bati jembamba la kupiga makopo, limebanwa kwa riveti kama viraka vya suruali. Nikatia bisibisi pembeni, nikalinyanyua, nikaona saruji ya gereji yangu.

Sakafu haikuwapo. Mihimili ya chini ya milango ilikuwa maganda. Na juu ya hayo walikuwa wamefunga injini mpya yenye nguvu mara mbili ya ile iliyotoka kiwandani, na breki wakaacha zilezile za ngoma za zamani. Mnaelewa? Kila ukikanyaga mafuta, injini ile inalisokota gari, na hakuna kinachozuia isipokuwa puti na rangi. Kile kiti alichoketishwa Bi Zuwena kilikuwa kimefungwa kwenye bati la makopo. Na mkanda wake vilevile.

Hapo ndipo damu ilipopanda. Nawaambia wazi, fundi asiyejua simkasirikii, namfundisha. Hamisi hakujua. Lakini hawa walijua. Mtu asiyeona tundu haliwekei kiraka. Walilala chini, wakaona sakafu imekwisha, wakatazamana, wakakata bati, wakapaka lami ili yeyote atakayelala chini baada yao asione. Kisha wakaenda kumfungulia kamera mjane wa watu.

"Lakini Ami," Mundhir ananiambia, rangi imemtoka, "inapiga sauti zen sana."

Nikamtafutia boksi la viatu.

Sasa kulikuwa na kitu kinanisumbua. Gari la Sur nikiliona limeliwa sishangai, chumvi ya bahari haina huruma, inaanzia kwenye maungio na kwenda. Lakini hili la Sinaw! Sinaw ni ukingo wa jangwa. Ukiacha spana nje mwaka mzima unaikuta kama ulivyoiacha, vumbi tu. Gari lililokaa Sinaw chini ya kipaa lingekuwa kavu kama tende. Kutu ilitoka wapi?

Chini ya milango ya gari kuna matundu madogo, kila gari linayo. Kazi yake ni kutoa maji yanayoingia kupitia vioo. Wengi hamyajui. Nilichukua waya, nikachokoa la kwanza. Likatoka tope, gumu, limeshikana kama saruji: vumbi la jangwani lililolowa, likakauka, likalowa tena. Nikachokoa la pili, vivyo hivyo. Yote yalikuwa yamezibwa. Nikalisaga lile tope kwa vidole nikalinusa. Lilinukia udi.

Nikamgeukia Mundhir. Alikuwa anatazama chini.

"Ni mama," akasema. "Kila Ijumaa alikuwa anaosha. Tangu baba amefariki. Hajaacha hata Ijumaa moja, hata akiwa mgonjwa."

Kila Ijumaa asubuhi, kabla wanaume hawajaenda msikitini, Bi Zuwena alitoka uani na mpira wa maji. Aliosha nje, akaosha na ndani, maana mchanga unaingia popote. Siku za joto kali alilimwagia zaidi, akisema hata chuma kinasikia jua. Kisha anatandika busati la sufi chini ya viti, anaweka chetezo juu yake, anatia udi, anafunga milango moshi uzunguke. Ijumaa kwa Ijumaa. Maji yakaingia chini ya busati, yakateremka kwenye mihimili, yakakuta matundu yamezibwa, yakakaa. Wangelisahau lile gari, wangelitupa uani wakafugia kuku, lingekuwa zima mpaka leo. Kosa hili ni letu sisi. Sijaona watu wengine wanalifanya. Sisi kitu tukikipenda lazima tukioshe na tukifukize.

Mundhir akanishika mkono. "Ami, nakuomba. Mama usimwambie. Atasema ameiua yeye gari ya baba. Mwambie jua, mwambie uzee, chochote."

Nilimwambia hivi: mimi sitampigia simu kumwumiza. Lakini akiniuliza kwa kinywa chake, simdanganyi. Hakupenda, ila alikuwa hana fundi mwingine.

Tukaanza. Nilikuwa na Bashir, mchomeleaji wa Sialkot tuliyefanya naye kazi zamani, Kiswahili chake kimejaa matusi kwa sababu alijifunza kwangu. Kwanza kabisa, kabla ya msumeno kugusa kitu, tulichomelea fito za chuma kwenye nafasi za milango, huku na huku na kukingama katikati, gari lishike umbo lake. Kisha upande mmoja tu ukakatwa. Hatukugusa wa pili mpaka wa kwanza umekwisha. Mkitoka hapa na neno moja, liwe hilo. Tukapiga mihimili mipya ya bati nene, na ndani yake tukaongeza nyingine, na sakafu nzima tukaishona upya. Huko ndiko kuboresha. Hakuna atakayetazama video yake, maana zulia litafunika.

Ile injini kubwa niliitoa. Mundhir alisikitika kama nimemchinjia mbuzi wake. Ya asili alikuwa ameihifadhi stoo, Mungu amlipe, tukaifungua, tukaifanyia pete na gasket, ikaamka. Mbele tukatia breki za diski. Nikamwambia, "Mwanangu, mtu anayezidisha nguvu ya kwenda kabla ya nguvu ya kusimama, huyo ana haraka ya nini?"

Tukiwa katikati ya kazi, upande wa dereva umekatwa wote, gari limefungwa fito kama mgonjwa wa mifupa, likaingia gari la kawaida uani mwa gereji. Akashuka Bi Zuwena. Amebeba chupa ya kahawa, na mpwa wake nyuma na bakuli la halwa. Kwetu mtu akijengewa nyumba au akifanyiwa kazi, anawapelekea mafundi kahawa, na hakuna mwenye uso wa kumzuia mlangoni mtu aliyebeba halwa. Mundhir alikuwapo siku hiyo. Alisimama kama mwizi.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, Sleyum. Hamjambo nyote? Nimewaletea kahawa, mie mwenyewe nimeipika." Kisha akaliona gari. Akaweka chupa chini pole pole. Akaenda mpaka kwenye ule mlango usio na mlango, akatazama ndani, akaona ardhi.

Bashir akazima mashine.

"Nini hiki?"

Mundhir akaanza, "Mama, ni jua tu, ya'ni, gari ni ya zamani…"

"Sikukuuliza wewe. Sleyum, nini kimelila?"

Nikamwambia. "Maji, Bi Zuwena. Maji ya kuoshea. Yaliingia chini hayakupata pa kutokea."

Nilidhani atalia. Mundhir alidhani ataanguka, alishakunjua mikono. Bi Zuwena uso ukambadilika, na niliyoyaona hayakuwa majonzi hata kidogo.

"N'likuwa nayasikia," akasema. "Nikifunga mlango nayasikia yanacheza mle ndani. Nikamwambia huyu: Mundhir, mbona maji yanaingia hayatoki? Akanambia, 'Hakuna kitu, mama, hiyo gari zen.' Nikamwuliza kaka yake, akacheka. Nikamwuliza yule wa gereji ya vioo, siku waliyonipiga picha. Nikamwambia, baba, huku chini kuna maji, mmetazama? Akanambia, 'Bibi, wewe kaa ufurahi.' Watu wote hao n'liwauliza!"

"Mama, sikutaka uhuzunike."

"Umenionea huruma!" Sauti yake ilifika gereji ya jirani. "Ijumaa ngapi, wallahi? Ungenambia neno moja, mama, acha, unaliharibu, ningeacha siku ileile. Ningelipangusa kwa kitambaa. Ningekaa ndani yake bila kulimwagia hata tone. Unadhani n'kipenda kubeba mpira wa maji na mgongo huu? Mmeniacha nikalila gari la mume wangu kwa mikono yangu, ili nisihuzunike! Na mngenipeleka Sur na jeneza jekundu, nisihuzunike!"

Mundhir alilia yeye. Bi Zuwena hakumbembeleza. Alivuta kiti, akakaa mbele ya gari, akatumiminia kahawa kila mmoja kwa zamu, vikombe vile vidogo, na mtoto wake akampa cha mwisho. Kisha akaniambia nimwonyeshe. Nikamwonyesha mihimili iliyooza, matundu, bati la makopo. Alilishika lile bati kwa vidole viwili kama mtu ameshika panya.

"Litafika Sur?"

"Bado. Siku litakapoweza, nitakwambia."

"Usinifiche."

"Sikufichi, Bi Zuwena."

Nimefanya kazi kwa watu wakubwa, lakini sijapata kumwogopa mteja kama nilivyomwogopa yeye kuanzia siku ile. Kila tulipomaliza mshono nilimwambia Bashir arudie. Alinitukana kwa Kiswahili changu mwenyewe. Gari lilipokwisha tulilipeleka mpaka Misfat al Abriyeen, kijiji cha mlimani, si kwa kutalii, kwa ajili ya ule mteremko wa kurudi. Mundhir anaendesha, mimi pembeni nimekaza meno, nikamwambia akanyage breki hapa, akanyage na pale, tena, tena. Watalii wa nyumba za wageni wanatupungia mikono, wanadhani tunastarehe. Breki hazikulegea. Milango haikutikisika. Tukarudi Nizwa, nikampigia simu Sinaw.

"Bi Zuwena, litafika."

Akasema, "Wallahi?"

Mimi, fundi, nikaulizwa wallahi. Sikumkasirikia yeye, na nyinyi msimkasirikie. Niliwakasirikia waliomfikisha pale, kwamba mwanamke wa umri ule aambiwe jambo na mtu mzima mwenye mvi na bado alazimike kumwapisha. Neno la fundi lilikuwa likitosha. Nimeliona likitosha. Nyinyi mnakuta limekwisha thamani na hamjui hata nani kaliharibu.

Nikamwambia, "Wallahi. Na kiti cha nyuma nitakaa mimi."

Basi siku ya pili ya Idi tukatoka Sinaw asubuhi, Mundhir usukani, mama yake pembeni, mimi nyuma na magoti yangu yamekunjwa mpaka kidevuni, maana wale Wamarekani viti vya nyuma waliviweka kwa ajili ya mifuko ya soko. Paa wazi. Tukapita Ibra, tukapita Bidiya mchanga mwekundu unatupiga mashavuni, tukapita Kamil. Injini ya zamani ikawa inakohoa kidogo kwenye vilima na kuendelea. Bi Zuwena njia nzima shela amelishika kwa meno.

Tulipofika Sur, Mundhir akasimamisha gari ufukweni, akazima injini. Alitaka kushuka amfungulie mlango. Mama yake akamzuia kwa mkono. Akageuka nyuma, akanitazama nilivyobanwa pale, vumbi mpaka kwenye kope, na kwanza nikadhani atanicheka.

"Sleyum, yule wa gereji ya vioo. Angelikubali kukaa hapo ulipokaa wewe?"

"Hapana, Bi Zuwena. Asingekubali."

Akalitua shela lake, akalinyoosha mapajani.

"Na mie alinishika mkono," akasema, "akanikalisha."